Mkurugenzi wa Manispaa Hupatikanaje?

Siku moja wakati wa somo la Uraia, mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliinua mkono akauliza swali ambalo halikuwamo katika kitabu. Alikuwa amesikia nyumbani, katika redio, majina ya wakurugenzi wapya wa halmashauri yakisomwa moja baada ya jingine. Akasema, "Mwalimu, hawa walipeleka wapi barua zao za kuomba kazi?" Darasa zima likacheka. Lakini swali lenyewe halikuwa la kuchekwa. Wazee wengi wenye kulipa ushuru kila siku hawajapata kujiuliza jambo hilo. Kwa hiyo nimeona yafaa nilijibu katika gazeti letu, ili wanafunzi, walimu na wazazi walisome pamoja.

Kwanza, msomaji, usidhani kwamba mambo ya Mkurugenzi ni ya wakubwa tu, hayatuhusu sisi tulio shuleni hapa Shangani. Yatuhusu sana. Shule ya sekondari ya Serikali kama hii yetu imo chini ya halmashauri. Fedha za kujenga chumba cha darasa, au choo, au maabara, hupita katika mkono wa ofisi ya Mkurugenzi. Mwalimu akitaka likizo au uhamisho, barua yake hupita huko huko. Ukitoka nje ya lango la shule, mambo ni yale yale. Taka za sokoni, mifereji ya mvua, taa za barabarani, leseni ya duka la mama yako, zahanati, yote hayo yana sehemu yake katika ofisi hiyo. Mkurugenzi akiwa mwema na hodari, mji hupumua. Akiwa mzembe, mji huugua, hata kama madiwani wake ni watu wa maneno mazuri.

KAZI YAKE NI NINI?

Manispaa ya Mtwara-Mikindani ina wakubwa wawili ambao watu huwachanganya mara nyingi: Meya na Mkurugenzi. Meya ni diwani. Wananchi wa kata yake walimchagua awe diwani wao, kisha madiwani wenzake wakamchagua awe mwenyekiti wao, ndipo akaitwa Mstahiki Meya. Yeye huongoza mikutano ya baraza. Mkurugenzi si diwani, wala hapigiwi kura na mtu. Yeye ni mtumishi wa Serikali, mkuu wa watumishi wote wa halmashauri, tangu wahandisi na maafisa elimu mpaka walimu, wauguzi na madereva. Kadhalika ni katibu wa baraza la madiwani, na ndiye Afisa Masuuli, maana yake ni mtu atakayeulizwa juu ya kila shilingi iliyoingia na iliyotoka.

Sisi watu wa pwani twaweza kuifahamu tofauti hii kwa kutazama jahazi. Wenye shehena hukaa wakakubaliana jahazi liende wapi na lichukue nini. Nahodha ndiye ajuaye upepo na mkondo, naye huwaamuru mabaharia mpaka chombo kifike. Wenye shehena hawashiki usukani, na nahodha hapangi shehena iende wapi. Basi madiwani ndio wenye shehena kwa niaba yetu, na Mkurugenzi ndiye nahodha. Lakini kuna jambo moja la ajabu katika jahazi letu hili: wenye shehena hawakumwajiri nahodha wao. Yeye ametumwa kutoka bara, na mtu mwingine.

NANI HUMCHAGUA?

Mtu huyo ni Rais wa Jamhuri ya Muungano. Ibara ya 36 ya Katiba yampa Rais madaraka ya kuteua viongozi katika utumishi wa Serikali, na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 imeendeleza jambo hilo. Hivyo wakurugenzi wa majiji, manispaa, miji na wilaya za Tanzania Bara huteuliwa na Rais. Mara nyingine hutangazwa wengi kwa siku moja. Mwezi wa Julai mwaka 2016 Rais John Magufuli aliteua wakurugenzi 185 kwa mara moja. Mwezi wa Agosti mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliteua wakurugenzi wa halmashauri 184. Baada ya kuteuliwa, Mkurugenzi huwa chini ya ofisi inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ile tuiitayo TAMISEMI, iliyoko Dodoma.

Sasa tazama ajabu ambayo mwanafunzi wetu aliigusa bila kujua. Kijana akitaka kuwa dereva au mtunza kumbukumbu wa halmashauri, hana budi kuandika barua ya maombi, kuambatanisha vyeti vyake, kufanya mtihani wa usaili, na kukaa mbele ya watu wa kumhoji. Kazi hizo hutangazwa, nayo Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iliundwa kwa ajili ya shughuli hiyo. Lakini kiti cha juu kuliko vyote katika ofisi ile ile hakitangazwi. Hakuna siku ya mwisho ya kupokea maombi, wala hakuna usaili ambao mwananchi aweza kuusikia. Jina husomwa tu, na mwenye jina hufunga mizigo.

MAMBO YALIKUWAJE ZAMANI?

Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wakati wa Waingereza mabaraza ya miji yaliendeshwa kwa desturi ya kwao. Dar es Salaam ilipata baraza la manispaa mwaka 1949, nalo lilikuwa na Karani wa Mji, aliyekuwa mkuu wa watumishi wake. Usidhani ni karani wa kupiga chapa barua. Alikuwa mtu mkubwa, mshauri wa baraza katika sheria na taratibu. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, na Desemba 1961, tulipopata Uhuru, mji ule ukapewa cheo cha jiji.

Mji wetu wa Mtwara ulikuzwa kwa njia nyingine. Mikindani ni mji wa kale wa wafanyabiashara na majahazi, lakini Mtwara mpya na bandari yake ya maji marefu ilipangwa kwa sababu ya mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga, ulioanza mwaka 1947. Mpango ule uliamriwa London, na wenyeji hawakuulizwa kama udongo na mvua vingekubali. Kufika mwaka 1951 ulikuwa umekufa. Bandari ilibaki, nasi twaishukuru mpaka leo. Lakini jambo hilo latufundisha kwamba uamuzi ufanywao mbali waweza kuleta kitu kikubwa, na waweza vilevile kukosea, kwa kuwa aliyeamua hakuwaona walioamuliwa.

Mwaka 1972 Serikali ya Tanzania ilileta mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya na mabaraza ya miji yakavunjwa, na kazi zake zikashikwa na maofisa wa Serikali Kuu. Nia ilikuwa njema, yaani kuleta maendeleo karibu na watu. Lakini miji ilianza kuharibika. Mifereji iliziba, barabara zikachimbika, taka zikarundikana, na magonjwa kama kipindupindu yakatisha watu. Mwaka 1978 sheria ilitungwa ya kurudisha mabaraza ya miji. Mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria za serikali za mitaa, moja ya wilaya na moja ya miji, ambazo pamoja na mabadiliko yake ndizo msingi wa halmashauri zetu. Tangu 1984 Katiba yenyewe, katika ibara ya 145 na 146, yasema kwamba vyombo vya serikali za mitaa viwepo, na kwamba shabaha yake ni kuwapa wananchi madaraka.

Hapo ndipo penye fundo. Katiba yataka wananchi wawe na madaraka katika mji wao, na wao huwachagua madiwani. Lakini mtendaji mkuu, anayeshika fedha na watumishi, hutoka juu. Mkurugenzi basi ana mabwana wawili. Madiwani humpa maazimio, na Serikali iliyomteua humpa maagizo. Yakipatana, kazi huenda mbele. Yasipopatana, je, atamsikiliza nani? Madiwani wakiona ameharibu, waweza kupitisha azimio na kupeleka malalamiko kwa Waziri, lakini kumwondoa si kazi yao.

Jambo hili limewahi kufika mahakamani kwa sababu ya uchaguzi, maana kwa sheria ya uchaguzi iliyokuwapo wakati ule wakurugenzi ndio waliokuwa wasimamizi wa uchaguzi katika maeneo yao. Tarehe 10 Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema kwamba utaratibu huo ulipingana na Katiba. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Sitaki kuingia zaidi katika kesi. Naitaja ili tuone kwamba swali la nani humteua Mkurugenzi si dogo.

FAIDA NA HASARA

Haifai kuhukumu kabla ya kusikia pande zote mbili. Wanaoupenda utaratibu huu wana sababu zao. Husema kwamba nchi yetu ina halmashauri tajiri na halmashauri maskini. Kama kila moja ingetafuta mkurugenzi wake mwenyewe kwa mshahara iwezao kuulipa, mabingwa wote wangekimbilia Dar es Salaam, na sisi wa kusini tungebaki na masalio. Tena husema kwamba mtu aliyetoka mbali hana shemeji wala mjomba katika mji, kwa hiyo si rahisi kwake kuwapa jamaa zake viwanja. Na mkurugenzi akiharibu, Rais aweza kumwondoa kwa siku moja, bila kungoja mabishano ya miezi.

Wasioupenda hujibu kwamba mtu asiyejulikana alivyopatikana hajulikani pia ataulizwaje. Husema vilevile kwamba mkurugenzi aliyeteuliwa jioni aweza kuhamishwa asubuhi, kabla hajaijua njia ya kutoka Shangani mpaka Mikindani. Mipango aliyoianza humngoja mgeni mwingine, naye mgeni hutaka kuanza ya kwake. Kisha husema kwamba mtumishi hutazama upande utokako mkate wake. Kama mkate watoka Dodoma, atatazama Dodoma.

WENZETU HUFANYAJE?

Tuwatazame wenzetu kidogo. Uingereza, ambako desturi ya Karani wa Mji ilitoka, baraza lenyewe ndilo huajiri. Tangu mwaka 1974, mabaraza yalipopangwa upya, cheo cha mtendaji mkuu kilichukua nafasi ya cheo kile cha zamani katika mabaraza mengi. Kiti kikiwa wazi, tangazo hutolewa magazetini, watu huomba, kamati ya madiwani huwahoji wachache walio bora, na baraza zima ndilo huthibitisha uteuzi. Mtu aweza kutoka mji mwingine kabisa, na mara nyingi hutoka huko.

Marekani kuna kisa chenye mafunzo. Mwezi wa Machi 1913 mto ulifurika katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, na watu zaidi ya 300 wakafa. Wananchi waliona kwamba mji wao ulikuwa umeendeshwa kwa upendeleo wa kisiasa, wakaandika katiba mpya ya mji: madiwani wachaguliwe na watu, nao madiwani waajiri meneja mmoja hodari. Walimtaka kwanza George Goethals, mhandisi aliyejenga Mfereji wa Panama, naye akakataa. Wakamchukua Henry Waite, aliyekuwa mhandisi katika mji wa Cincinnati, akaanza kazi mwaka 1914. Angalia: hawakutafuta mwenyeji, bali walitafuta mtu aijuaye kazi, nao walihakikisha kwamba atawajibika kwa madiwani wao.

Karibu nasi, Kenya ilibadili mambo kwa Katiba ya mwaka 2010. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mameya na makarani wa miji walikoma. Sasa majiji kama Kisumu na Nakuru yana bodi na meneja wa jiji, na kazi ya meneja hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ili watu washindane.

Uganda nao wana mfano wa kutuonya. Kwa sheria ya mwaka 2010, jiji la Kampala lina Meya Mkuu achaguliwaye na wananchi wote, na Mkurugenzi Mtendaji ateuliwaye na Rais. Mwaka 2011 Erias Lukwago alichaguliwa kuwa Meya Mkuu, na Jennifer Musisi akateuliwa kuwa Mkurugenzi wa kwanza. Ugomvi wa madaraka ulidumu miaka. Mwezi wa Novemba 2013 madiwani walipiga kura ya kumwondoa Meya, mambo yakaenda mahakamani, na mwaka 2016 wapiga kura wakamchagua tena Meya yule yule. Tarehe 10 Agosti 2024, wakati wa mkurugenzi mwingine, jaa kubwa la taka la Kiteezi liliporomoka likafukia nyumba, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mwezi uliofuata Rais alimwachisha kazi mkurugenzi huyo pamoja na wakubwa wengine wawili. Basi uondoaji ulikuwa wa haraka. Lakini waliofukiwa hawakufufuka. Kumwondoa mtu baada ya msiba si sawa na kumwuliza kabla ya msiba.

SISI TUFANYE NINI?

Hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji aende nalo nyumbani. Kumteua Mkurugenzi si kazi yetu, lakini kumwuliza ni haki yetu, na mlango wa kuuliza uko wazi kuliko watu wadhanivyo.

Mlango wa kwanza ni mkutano wa baraza la madiwani, ambao hufanyika kila miezi mitatu. Kwa sheria mkutano huo ni wa wazi. Mwananchi aweza kwenda kukaa na kusikiliza. Mlango wa pili ni bajeti. Kila mwaka madiwani huipitisha, na bila kura yao Mkurugenzi hana mpango wa kutekeleza. Diwani asiyejua kusoma bajeti amefungwa macho, nasi tuliomchagua tumefungwa pamoja naye. Mlango wa tatu ni hesabu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua kila halmashauri kila mwaka, na taarifa yake hutangazwa kwa watu wote. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi kujibu hoja zilizomo. Yeyote ajuaye kusoma na kujumlisha aweza kuifungua taarifa hiyo.

Wanafunzi wa vidato vya juu nawapa mfano mmoja wa swali. Sheria yataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri itengwe kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Wengi wenu mtamaliza shule na kutaka kununua nyavu, cherehani au mashine ya kubangulia korosho. Mtu aliyejua jambo hili mapema ataunda kikundi, ataandika katiba yake, atapeleka maombi, na akikataliwa atauliza kwa nini. Asiyejua atakaa barazani akilaumu.

Mwanafunzi wetu aliyeuliza barua zilipelekwa wapi sasa amepata jibu lake: hakuna barua iliyopelekwa. Lakini nilimwongezea neno moja. Mkurugenzi yeyote aingiapo mjini hutazama kwanza watu wake walivyo. Akikuta mji ambao hakuna aulizaye, hata aliye mwema hulegea, maana kulegea ni tabia ya binadamu. Akikuta mji ambao madiwani husoma makaratasi yao kabla ya mkutano, na wazazi huuliza habari za chumba cha darasa kilichoanzwa kujengwa kisikamilike, hata mvivu hujitahidi. Nahodha twaletewa, lakini chombo na shehena ni vyetu.

Siku moja, huenda mmoja wenu msomao gazeti hili atasikia jina lake mwenyewe likisomwa katika redio, akafunga mizigo kwenda kuongoza mji asioujua. Siku hiyo akumbuke swali la Kidato cha Pili. Kama hakuombwa barua ya maombi, basi kazi yake ya kila siku iwe ndiyo barua yenyewe, na wananchi wa mji ule wawe ndio wasaili.